Asiyerudisha Kitu

Soma: Luka 13:6–9, Wagalatia 6:2–5, 2 Wathesalonike 3:6–12.

Katika makanisa mengi kuna swali linaloulizwa kwa sauti ya chini baada ya kikao cha baraza. Familia fulani imesaidiwa mara ya kwanza, ya pili na ya tatu. Imepewa unga, imelipiwa karo, imeezekewa nyumba. Lakini haionekani kuchangia chochote, si fedha, si nguvu, na Sabato nyingine hata haihudhurii. Je, ni haki kuendelea kumsaidia asiyerudisha kitu? Wengine hujibu kwamba upendo hauhesabu. Wengine husema Muumbaji mwenyewe ameweka utaratibu wa kutoa na kupokea, na anayeuvunja aachwe avune alichopanda.

Hao wa pili wanaweza kupata shahidi katika shamba la maharage.

Karibu asilimia 78 ya hewa ni naitrojeni, na hakuna mmea unaoweza kuishi bila naitrojeni. Hata hivyo mmea hauwezi kuichukua moja kwa moja kutoka hewani. Unaweza kugeuka manjano kwa njaa huku umezungukwa na kile unachokihitaji. Udongoni wamo bakteria waitwao rizobia, ambao wanaweza kuibadili naitrojeni ya hewa iwe chakula cha mmea. Lakini kazi hiyo hula nguvu nyingi, na nguvu hiyo hutoka kwenye sukari inayotengenezwa na majani. Mwaka 1888 Hermann Hellriegel na Hermann Wilfarth wa Ujerumani walichapisha majaribio yaliyoonyesha kwamba mimea ya jamii ya mikunde hupata naitrojeni ya hewa kwa msaada wa viumbe wadogo walio katika vinundu vya mizizi yake. Mmoja ana sukari, mwingine ana ufundi.

Angalia ni nani anayeanza kutoa. Mmea hujenga kinundu na kuwalisha bakteria kabla haujapokea chochote. Katika majuma hayo ya kwanza majani yanaweza hata kupauka kidogo, kwa kuwa mmea unatumia na bado haujalipwa. Mkulima akikipasua kinundu wakati huo, atakuta ndani ni cheupe. Baadaye, kazi ikishaanza, ndani huwa chekundu au cha waridi. Anayepasua mapema na kusema, “Hiki hakifai,” amehukumu kabla ya wakati.

Lakini subira ya mmea ina mwisho. Mwaka 2003 Toby Kiers na wenzake, wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Davis, walitangaza matokeo ya majaribio ya soya. Bakteria waliposhindwa kutoa naitrojeni, walizaana kwa kiasi cha karibu nusu tu ya wenzao waliofanya kazi. Dalili zilionyesha kwamba mmea ulikuwa umepunguza oksijeni inayoingia katika vinundu vyao. Kwa maneno mengine, soya ilimbana asiyerudisha kitu.

Je, hapo swali la baraza la kanisa limejibiwa? Hapana, na sababu imo ndani ya jaribio lenyewe. Bakteria wale hawakuwa wavivu. Walikuwa wa aina ileile njema yenye uwezo wa kufanya kazi. Watafiti ndio walioiondoa karibu naitrojeni yote katika hewa iliyozunguka vinundu vyao, hivyo hawakuwa na cha kubadili. Waliadhibiwa kwa kukosa kutoa kitu ambacho hawakupewa. Mmea haukuweza kulijua hilo. Unapima kinachofika, wala hauna njia ya kuuliza kwa nini hakikufika.

Mwanadamu anaweza kuuliza. Hapo ndipo utaratibu wa shamba unapokoma kuwa sheria kwa kanisa. Mtume Paulo, anapowaandikia Wathesalonike, hamzungumzii asiyeweza kufanya kazi bali asiyetaka. Tofauti hiyo haionekani kwenye orodha ya michango. Mama anayeuguza mtoto usiku kucha, kijana aliyeomba kazi hadi akachoka, na mtu aliyezoea kuishi kwa jasho la wengine, wote watatu wanaweza kuwa na sifuri mbele ya majina yao. Anayesoma sifuri bila kwenda nyumbani kwao anahukumu kama mzizi unavyohukumu.

Hata hivyo wanaosema upendo hauhesabu hawajamaliza. Kumpa mtu unga kila mwezi bila kumuuliza lolote ni njia nyepesi ya kutojihusisha naye. Mfuko wa kanisa pia ni mali ya wajane na wakulima waliojinyima, nao wana haki ya kujua kwamba sadaka yao inajenga. Paulo anawaagiza Wagalatia wachukuliane mizigo, na mistari michache tu baadaye anasema kila mtu atauchukua mzigo wake mwenyewe. Maagizo yote mawili yanasimama pamoja.

Katika mfano wa mtini usiozaa, mwenye shamba amesubiri miaka mitatu, na hoja yake ni ya haki: mti unakula ardhi bure. Mtunza shamba habishani naye. Anaomba mwaka mmoja zaidi, naye anaahidi kazi yake mwenyewe, yaani kuupalilia mti kuuzunguka na kuutia samadi. Anakubali pia kwamba mwaka huo una mwisho. Yesu hasemi kama mti ulizaa. Anatuacha tukimwona mtu aliyeshika jembe, ambaye kabla mti haujakatwa anataka kwanza kujua mizizi yake imekosa nini.

Maswali ya Kujadili

1. Kanisa lenu linawezaje kumtambua asiyeweza na asiyetaka bila kumwaibisha yeyote?

2. Ni lini kuacha kusaidia kunaweza kuwa tendo la upendo? Nani anapaswa kuamua, na baada ya kufanya nini kwanza?

3. Mfikirie mtu mmoja ambaye umeacha kumsaidia. Unajua nini hasa kuhusu sababu zake, na umekisia nini?