Deni la Mpita Njia

Njia iliyo kando ya maji ni miongoni mwa njia za zamani kabisa. Kabla binadamu hajajua kuchonga barabara, mto ulikuwa umekwisha kumwonyesha pa kupita, kwa kuwa maji hutafuta mteremko mwepesi, na miguu nayo hupenda wepesi. Hata leo mtu atakaye kusafiri kwa baiskeli mashambani hupendelea ukingo wa mto au wa mfereji. Hapo hapana mlima wa kumchosha wala magari ya kumtisha, na upepo humpoza jasho. Lakini ukingo una watu wanaoutunza na watu wanaoutegemea. Basi swali ninalotaka tulipime pamoja ni hili: mtu apitaye kwa starehe yake katika njia ambayo kwa mwenzake ni kazi, je, anadaiwa kitu?

Tusianze kwa kuilaumu starehe. Wako wasemao kuwa baiskeli ni chombo cha kazi, na kwamba kuipanda bila mzigo ni anasa ya mwenye shibe. Maneno hayo yana asili yake. Tangu baiskeli ya magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa ilipoanza kuuzwa Uingereza mwaka 1885, na tangu Dunlop alipoitia mpira wa upepo mwaka 1888, chombo hiki kilienea duniani kwa sababu kilimpa mtu wa kipato kidogo miguu ya farasi. Katika nchi yetu kimebeba maziwa, mkaa, mikate na wagonjwa. Jina la bodaboda, ambalo sasa limehamia kwenye pikipiki, lilianza kwa baiskeli zilizovusha watu na mizigo mpakani mwa Kenya na Uganda. Hata hivyo, mkono ushikao jembe mchana waweza kupiga ngoma jioni, wala jembe halioni wivu. Mwaka 2021 mashindano ya baiskeli katika njia za changarawe yalianza kufanyika katika nchi ya Mara, na vijana wa Afrika Mashariki wakapimana nguvu na wageni kutoka ng'ambo. Nahodha wao, Suleiman Kangangi wa Kenya, alifariki Agosti 2022 katika mashindano ya namna hiyo huko Vermont, Marekani. Mchezo ambao mtu aliupa uhai wake, akitaka kuwafungulia vijana wenzake mlango, hauwezi kuitwa upuuzi. Starehe, basi, ni haki. Lakini haki nyingi huja na deni mkononi, na hilo ndilo tulitafutalo.

Chukua mfano wa Mwea, katika Kirinyaga, karibu kilomita 100 kutoka Nairobi. Mwendesha baiskeli akipita Thika na Makutano hadi Wang'uru, huiacha lami na kuingia katika njia za muramu na udongo zifuatazo mifereji ya mpunga. Maji ya mifereji hiyo hutoka katika mito ya Thiba na Nyamindi, iteremkayo kutoka Mlima Kenya. Na tangu mwaka 2022 bwawa la Thiba limekuwa likiyalimbika maji kwa ajili ya kiangazi. Kulia kwake msafiri huona majani mabichi ya mpunga, kushoto yangeyange weupe wakitafuta riziki katika matope, na mbele yake njia iliyonyooka. Moyo wake hufurahi, na ana haki kufurahi. Mahali pale ni pazuri.

Lakini uzuri ule haukuota wenyewe kama uyoga. Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952, maelfu ya watu walitiwa kizuizini, na wengi wao wakaletwa Mwea. Mikono yao ndiyo iliyochimba mifereji ya kwanza ya mpunga katika miaka hiyo ya 1950. Hawakuchimba kwa hiari yao, wala hawakuchimba ili mtu aje apunge upepo. Baada yao walikuja wakulima waliopewa vipande vya mashamba, na tangu hapo kila msimu mifereji huzibuliwa tope na magugu, na kuta zake za udongo hujengwa upya zinapomomonyoka. Njia anayoiona msafiri ni jasho la vizazi lililokauka likawa udongo.

Mtu mmoja atanijibu hivi: "Njia ni ya umma. Baba yangu hulipa kodi, na mimi sikumchimbisha mtu yeyote mfereji. Nikipita bila kuvunja kitu, nadaiwa nini?" Jibu hili si la kijinga, nasi tulipime kwa haki. Ni kweli kwamba sheria humruhusu apite. Lakini ruhusa hukwambia tu kwamba hapana atakayekuzuia. Haikwambii namna ya kupita. Udongo wa Mwea ni mweusi na mzito. Ukaukapo hupasuka, ulowapo huwa kama ugali. Gurudumu likipita juu ya ukingo uliolowa huacha mchirizi. Maji, ambayo hayalali, huuona mchirizi ule kabla ya mtu yeyote. Huuingia, huupanua, na mwisho hububujika mahali pasipotakiwa. Mkulima aliye chini, ambaye leo ni zamu yake ya maji, hungoja maji yasiyofika. Msafiri yu mbali, anapumzika na kusifu mandhari. Alidhani hakuvunja kitu, kwa sababu hakugeuka nyuma.

Mtu wa Ziwani hana haja ya kufundishwa jambo hili kwa vitabu. Mto Nairobi, uliopata jina lake kutokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, huanzia katika kinamasi cha Ondiri huko Kikuyu. Ufikapo upande wa Gikomba, si mbali na mtaa wa Ziwani, umekwisha kubeba takataka za watu wengi ambao hawatujui wala hawakutukusudia ubaya. Kila mmoja alitupa kidogo, akaenda zake. Na mvua zilipozidi, Aprili na Mei 2024, mito ya Nairobi ikafurika na kuua watu. Waliolipa kwa nyumba na roho zao walikuwa hasa wale wakaao ukingoni. Tunapoyaona maji yale meusi twasema kwa uchungu: "Walio juu hawatufikirii." Usemi huo ni wa haki. Lakini haki hiyo hutuhukumu na sisi, kwa maana mto haukomi kwetu. Huungana na Athi, na maji yake hufika Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kila aliye chini ya mtu fulani ni juu ya mtu mwingine. Na kijana wa Ziwani apandapo baiskeli kwenda Mwea, siku hiyo yeye ndiye aliye juu.

Sasa deni lenyewe hulipwaje? Waliochimba kwa kulazimishwa wengi wamekwisha kufa, na marehemu halipwi fedha. Lakini deni lisiloweza kumfikia mwenyewe huwafikia warithi wake. Malipo ya kwanza ni kujua: kuuliza mahali pale palifanywa na nani, kwa maana kuifurahia kazi ya mtu bila kutaka kumjua ni nusu ya kuiiba. Malipo ya pili ni kujizuia: kushuka na kuisukuma baiskeli ukingo ulowapo, au kuzunguka, hata kama saa inakwenda. Malipo ya tatu ni maamkizi. Aliye ndani ya gari hupita kama risasi, na mkulima hubaki na vumbi. Lakini mwendo wa baiskeli humwezesha mtu kusema "Shikamoo, mzee" na kusikia "Marahaba" kabla hajapita. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji asimame kando.

Wengine wataona malipo haya ni madogo mno. Ni madogo kweli, na hayafuti dhuluma iliyopita. Lakini dhuluma nyingi nazo hukua kutokana na udogo, kama mchirizi ule wa gurudumu, au uchafu ule wa Mto Nairobi uliotupwa kidogo kidogo. Asiyejali deni dogo akiwa juu ya baiskeli, hataanza kulijali kubwa atakapokalia kiti cha enzi. Kwa hiyo, ewe kijana msomaji, ukipata baiskeli, nenda. Nchi yako ni pana na njia zake za maji ni nzuri. Nenda ufurahi, ujue unapita katika kazi ya nani, na mara kwa mara ugeuke nyuma utazame ulichokiacha.