Kunyamaza Si Kuridhika: Maneno Machache juu ya Thamani ya Keki na Ujira wa Mikono

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na kuharimisha dhulma, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na Ahali zake na Sahaba zake. Ama baada ya haya.

Ndugu zangu, jambo nitakalolisema leo huenda likawachekesha baadhi yenu, kwani ni jambo la keki. Mtu atauliza: Je, masala ya dini yamekwisha hatta tuandikiwe juu ya unga na sukari? Nami namjibu kwamba dhulma haipimwi kwa ukubwa wa kitu ilichoingia, bali hutazamwa ni haki ya nani iliyopotea. Katika miji yetu ya pwani wako wanawake, na khasa wajane na wenye kulea mayatima, ambao riziki yao hutoka katika oveni iliyo pembeni mwa jiko la nyumba. Wao hupika keki za nikaha, za akika na za Idi, wakazipamba kwa mikono yao, na wanunuzi ni sisi. Basi yatupasa tujue twawalipa nini, na kwa hukumu gani.

Siku moja baada ya sala ya alasiri tulikuwa tumekaa barazani, na bwana mmoja katika sisi alikuwa akijisifu. Alikuwa ameagiza keki ya kilo 3, yenye mawaridi 30 ya sukari, kwa ajili ya nikaha ya binti yake. Mpishi wa keki ile, mama mmoja wa mtaa wetu, alimtajia shilingi 6,000. Bwana yule akatusimulia: "Nikamwambia, Dada, unga wajulikana bei yake, na sukari yajulikana bei yake, na mimi ni jirani yako. Shika hizi 3,500. Akanyamaza. Nikaziweka pesa mezani nikaenda zangu." Mwengine akasema kwa mzaha: "Basi kunyamaza kwake ndiko kuridhika kwake, kama bikira anapoulizwa juu ya mume." Tukacheka sote, na mimi nikacheka pamoja nao.

Nilipofika nyumbani nikamsimulia ahali yangu maneno yale, nikidhani naye atacheka. Hakucheka. Akaniuliza: "Na saa zake je, mbona hamkuzihesabu?" Kisha akataka kalamu na karatasi, akanihesabia. Unga, sukari, siagi, mayai, maziwa, sukari ya unga ya mapambo na rangi, akakadiria shilingi 2,600. Gesi, boksi na ubao wa kuwekea keki, 400. Jumla yake 3,000. Ama kazi: kupima, kuchanganya na kuoka, saa 3, kuikata tabaka na kuipaka krimu, saa 2, na mawaridi, ambayo hutengenezwa jani moja moja kwa ncha za vidole, saa 5. Hizo ni saa 10. Toa 3,000 katika 3,500, zabaki shilingi 500. Zigawe kwa saa 10, utaona yule mama amelipwa shilingi 50 kwa saa. Na katika hizo 50 yumo tena mashine wa kupigia mayai anayechakaa, na keki inayovunjika njiani ikawa khasara ya mwenyewe, na siku aliyokwenda sokoni kwa miguu yake.

Hapo nikaona haya. Nikakumbuka kwamba bwana yule yule alipotengenezewa mlango wa nyumba yake, hakumwambia seremala kuwa bei ya mbao yajulikana. Alilipa mbao, kisha akalipa ujira wa fundi, wala hakuona kuwa amedhulumiwa. Basi ni kwa nini mkono wa seremala una thamani, na mkono wa mama hauna? Jawabu tulilo nalo nyoyoni, ijapokuwa hatulitamki, ni kwamba yule mama yuko nyumbani tu, na kupika ni kazi yake ya kila siku. Lakini kule kukaa nyumbani hakuifanyi saa yake kuwa yetu. Mwenyezi Mungu ametubainishia katika Sura ya Nisaa, aya ya 32, kwamba wanaume wana fungu la walichokichuma, na wanawake wana fungu la walichokichuma. Na Bibi Zainabu binti Jahshi, mke wa Mtume (s.a.w.), alikuwa akifanya kazi kwa mikono yake, akitoa sadaka katika pato lake. Hakuna aliyesema kuwa kazi ile si kitu kwa sababu yafanywa na mwanamke.

Sasa na tuitazame masala yenyewe: bei ya haki ni ipi?

Wako wasemao kuwa bei ya haki ni gharama ya vitu na nyongeza kidogo, na zaidi ya hapo ni ulafi. Kauli hii haina asili. Watu wa Madina bei zilipopanda walimtaka Mtume (s.a.w.) awawekee bei, naye akakataa, akawafahamisha kuwa mwenye kuweka bei ni Mwenyezi Mungu, na kwamba yeye ataka akutane na Mola wake hali ya kuwa hakuna mtu anayemdai dhulma. Na Urwa al-Bariki alipewa dinari moja akanunue kondoo. Akanunua wawili, akauza mmoja kwa dinari, akarudi na dinari na kondoo. Mtume (s.a.w.) akamwombea baraka katika biashara yake. Basi faida haikuwekewa mpaka katika sharia, na mama anayetaka 6,000, au hatta 8,000, si dhalimu maadamu hakudanganya. Asiyetaka ana khiyari ya kwenda kwengine.

Na wako wasemao, na hawa ndio wengi barazani, kuwa bei ya haki ni yoyote walioafikiana watu wawili; akitoa 3,500 na mwenziwe akapokea, mambo yamekwisha. Kauli hii imekaribia haki, walakini ndani yake mna mlango ambao shetani hupita. Mwenyezi Mungu ametukataza, katika aya ya 29 ya sura hiyo hiyo, tusile mali zetu baina yetu kwa batili, isipokuwa iwe biashara ya kuridhiana. Sharti ni kuridhiana, wala si kupokea tu. Na kuridhika ni jambo la moyo, ambalo halijulikani ila kwa kutamkwa, au kwa ada ionyeshayo wazi kuwa mtu ameridhika. Ndiyo sababu katika madhehebu yetu ya Shafii asili ya bei ni tamko la pande mbili. Na hatta wanazuoni waliojuzisha bei ya kupeana mkononi bila ya tamko, kama Imamu Nawawi, walitazama yale ambayo watu kwa ada yao huyahesabu kuwa ni bei.

Ama ule mzaha wa bikira, haufai hapa. Kunyamaza kwa bikira kumefanywa idhini kwa nassi, katika jambo la nikaha, kwa kumhurumia haya yake. Hakuna nassi iliyokufanya kunyamaza kwa muuzaji kuwa idhini ya kupunguziwa haki yake. Bali kaida iliyo mashuhuri kwa Imamu Shafii ni kwamba mwenye kunyamaza hanasibishiwi kauli. Na wanazuoni wamekwenda mbele zaidi: wamesema kwamba mali iliyochukuliwa kwa upanga wa haya, yaani mwenyewe ameitoa kwa kuona aibu kukataa, hukumu yake ni kama iliyonyang'anywa.

Basi tazama, ndugu yangu, kwa nini yule mama alinyamaza. Mbele yake amesimama mwanamume, jirani, mkubwa wa mtaa. Akikataa, ataambiwa ana tamaa; na wake wa jamaa zake hawatamwagiza tena. Unga ameshaununua, na nikaha ni kesho kutwa. Hakuridhika, alishindwa. Nasi tulichokiita ustadi wa kupatana bei kilikuwa ni kuuona unyonge wa mtu na kuutumia.

Na hapa ndipo nilipoifahamu Sura ya Mutaffifina kwa namna nisiyopata kuifahamu. Siku zote nilidhani makamio yale ni ya wenye maduka, wapunguzao vibaba na mizani. Lakini sura yaanza kwa kuwataja watu ambao wao wakipimiwa hutaka kutimiziwa, na wakiwapimia wengine hupunguza. Bwana yetu alitaka atimiziwe: mawaridi 30, si 29, rangi ile ile ya nguo ya bibi arusi, saa ile ile aliyoitaja. Zamu yake ya kupima ilipofika, akaipima kazi ya saa 10 kwa shilingi 500. Mnunuzi naye ana mizani mkononi mwake.

Na katika jambo hili la mizani pana kosa jengine, nalo ni ile desturi ya kuuliza, "Kilo moja kiasi gani?" Kilo yapima unga na sukari, haipimi mkono. Keki tupu ya kilo 3 na keki ya kilo 3 yenye mawaridi 30 zikiwekwa mizanini zitalingana, na baina yao pana saa 5 za kazi. Basi wapishi wa keki na wafanye bei ya keki mbali, na bei ya mapambo mbali, na waitaje kabla ya kuanza kazi, ili mnunuzi ajue anunuacho. Asiye na uwezo wa mawaridi 30 na achukue 5, au achukue keki tupu, au mkate wa mayai. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kutaka mawaridi na kumwachia mwengine kulipa thamani yake kwa usingizi wake.

Wala nisiseme kuwa haki yote iko upande mmoja. Muuzaji naye ana wajibu wake, nanyi wapelekeeni wake zenu na dada zenu maneno haya. Mtume (s.a.w.) alitia mkono wake katika chungu la chakula sokoni akakuta ndani mna umaji, akamkemea mwenye kuuficha. Na mapambo ya keki ni sitara nyepesi ya kufichia aibu: keki iliyokauka tangu juzi, siagi iliyobadilishwa kwa mafuta ya rahisi hali bei ni ya siagi, au tabaka la chini ambalo ni povu la kutengenezea maboksi, limepakwa sukari juu yake. Akisema, "Tabaka hili si la kuliwa, ni la kuinulia tu," hapana ubaya. Akinyamaza, naye kunyamaza kwake ni khiyana. Wala asiwe na bei mbili, moja ya ajuaye na moja ya asiyejua. Imamu Ghazali ameeleza katika Ihyaa khabari ya Yunus bin Ubaidi, ambaye mtoto wa nduguye alimuuzia bedui vazi la dirhamu 200 kwa dirhamu 400, na bedui akaridhia. Yunus hakukubali ridhaa ile ya asiyejua thamani, akamrudishia mtu yule dirhamu zake 200. Tazama: ridhaa ya mnunuzi mjinga haikumtosha Yunus. Je, kunyamaza kwa muuzaji mnyonge kututoshe sisi?

Na mtu akiuliza: Je, kupatana bei ni haramu? La, si haramu. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipatana bei na Jabir juu ya ngamia wake safarini. Walakini na tuitazame khabari ile hatta mwisho wake. Walipofika Madina alimlipa Jabir thamani yote waliyopatana, akamwongezea juu yake, kisha akamwachia na ngamia wake. Sisi twaishika sunna ya kupatana, na ile ya kuongeza twaiacha njiani. Na Imamu Ghazali amesema kuwa mtu anunuapo kwa fakiri, si vibaya kuvumilia kuzidishiwa bei, kwa kutaka wema. Sisi twafanya kinyume chake: dukani kwenye bei iliyobandikwa twalipa bila ya neno, na ubishi wetu tumeuweka akiba kwa ajili ya wajane.

Nilimwendea yule bwana nikamweleza haya. Akasema, "Na keki imekwisha kuliwa, nifanyeje?" Nikamwambia, "Keki imeliwa, haki haikuliwa. Nenda na 2,500 zilizobaki, umwambie akujibu kwa kinywa chake." Alikwenda na mkewe. Yule mama akazipokea, akahesabu, akarudisha 500, akasema, "Hizi nakuachieni, ami, kwa ujirani, na Mungu ambariki bibi arusi." Sasa hizo 500 ndizo punguzo la halali: amezitoa mwenyewe, kwa ulimi wake, hali ya kuwa aweza kuzizuia. Thawabu zake ni zake. Zile za kwanza hazikuwa na thawabu kwake, kwani hakutoa kitu; alichukuliwa.

Basi ndugu zangu, mkiagiza kazi ya mkono, ulizeni bei, ulizeni na saa. Mkitaka kupunguziwa, ombeni kwa namna ambayo mwenzenu aweza kukataa asione haya. Mlipeni kabla jasho lake halijakauka, kama alivyotuusia Mtume wetu (s.a.w.). Na mkimwona amenyamaza, msiziweke pesa mezani mkaondoka. Ngojeni mpaka aseme.

Mwenyezi Mungu atujaalie katika wenye kutimiza vipimo, wanunuzi na wauzaji. Amin.