Kihispania kwa Ada, Kiswahili Bure

Binti yangu amemaliza muhula wa pili wa Kihispania katika chuo cha jamii hapa California, mojawapo ya vile vyuo vya miaka 2 tunakowapeleka watoto kwa kuwa ada ni nafuu, kisha wakahamia chuo kikuu kuanza mwaka wa 3. (Si vyuo vya jana, cha Joliet, Illinois, kipo tangu 1901.) Alitaka krediti za lugha ya kigeni kabla ya kuhama. Nikalipa bila kufikiri.

Jioni moja akaniambia, kwa Kiingereza: "Baba, Kihispania unanilipia. Kiswahili kilikuwa bure, mbona hukunipa?"

Jibu nilikuwa nalo. Alipokuwa na miaka 4 mwalimu wake alitushauri tumsemeshe Kiingereza tu, asije akachanganyikiwa. Tukatii. Sasa mimi ni injinia. Kazini mtu akiniambia nguzo fulani haina kazi, namdai mahesabu kwanza ndipo niiondoe. Nyumbani sikudai hata karatasi moja.

Je, nilimdhulumu? Rafiki yangu anasema hapana: lugha ni chombo, na chombo kinachomfaa mtoto huku ni Kihispania, atakisikia sokoni, hospitalini na kazini. Hapo sina ubishi. Lakini mama yangu yuko Tanga na Kiingereza hakijui. Kwenye simu mjukuu anasema "Shikamoo bibi", anaitikiwa "Marahaba, hujambo mwanangu?", anajibu "Sijambo", basi. Kimya. Simu inarudi kwangu. Yule bibi naye hakuulizwa tulipofanya uamuzi wetu. Nilidhani naamua juu ya mali yangu, kumbe nilikuwa nimeshika amana ya watu wawili.

Hata hivyo nachelea kujitia majuto ya kupita kiasi. Sisi wazazi wa ughaibuni tunapenda kulia mbele ya watoto ili watuhurumie. Nilipoanza kuomba radhi, binti alinikatiza: hajioni nusu mtu, ila ana swali tu. Na kweli, deni la Kiswahili halilipiki kwa machozi, wala kwa ada ya Kihispania.

Ila Kihispania kimetufungulia kijidirisha. Aligundua kuwa "mesa" ni meza na "bandera" ni bendera, maneno tuliyoyapata kwa Wareno. Kuwa "azafrán" ni zafarani na "hasta" ni ndugu wa hata yetu, kwa sababu Waarabu walifika kwao kama walivyofika kwetu. Nami nikamwonyesha kwamba "hablo" ni neno moja kama "nasema", ila wao mtu wanamweka mkiani mwa kitenzi, sisi kichwani. Sasa kila Jumanne nampeleka darasani, na njiani tunanyambua vitenzi vya pande zote mbili.

Jumapili iliyopita alizungumza na bibi yake dakika 4. Baadaye mama akaniuliza, "Mwanangu, huyu mtoto mbona ananitajia meza na bendera?"