Kijiji kinapotoa ardhi, kinatoa ya nani?

Watu wa Pwani wanaujua mbono kwa jina lake la pili: mbono kaburi. Hupandwa makaburini ili ijulikane kwamba hapa amelala mtu, na hupandwa kuwa ua kwa sababu mbuzi hawaugusi. Mbegu zake ni sumu. Kwa vizazi vingi hakuna aliyeuhesabu kuwa mali. Kisha katika miaka ya 2000, bei ya petroli ilipopaa, wakubwa wa Ulaya wakavutiwa na habari kwamba mbegu zile hukamuliwa mafuta ya kuendeshea magari, na mti wa makaburini ukageuka lulu. Ikasemwa kwamba unaota popote na hauhitaji mvua wala ardhi nzuri.

Hivyo ndivyo kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilivyofika Kisarawe, jirani kabisa na jiji la Dar es Salaam. Ikapata hekta 8,211 zilizokuwa za vijiji 11, miongoni mwao Mtamba, Muhaga, Marumbo na Kurui. Haki ya miaka 99 ilitolewa mwaka 2009. Agosti 2011 kampuni ikafilisika, mamia ya vibarua wakaachishwa kazi, na mradi ukauzwa kwa wawekezaji wengine. Ardhi haikurudi vijijini. Ilikwenda na mradi, kama vile ng'ombe anavyokwenda na kamba yake.

Wapo wanaolisimulia jambo hili kama habari ya biashara iliyokwenda kombo, basi. Biashara kwenda kombo si ajabu, waulize wafanyabiashara wa Kariakoo. Swali ninalotaka tulitafakari, ndugu msomaji, ni la kabla ya hapo. Hata kama mibono ile ingestawi na mishahara ikalipwa kila mwezi, je, kile kilichotolewa kilikuwa ni kitu ambacho mtu anaweza kukitoa?

Tusiwadharau wanavijiji. Mikutano ilifanyika, nao waliahidiwa ajira, maji, zahanati, shule na barabara. Mwanamke anayetembea usiku na uchungu wa uzazi kutafuta zahanati si mjinga anapoitamani. Lakini hebu tujiulize: zahanati na kisima ni deni la nani? Mlipa kodi anavidai serikalini. Akiambiwa avipate kwa kutoa shamba lake, hapo hakuna biashara. Amelipishwa kitu alichokuwa anakidai. Ridhaa ya mtu wa namna hiyo ina walakini hata kama sahihi yake ipo kwenye karatasi.

Na sheria yenyewe ina kichekesho. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhawilishwa kuwa ardhi ya jumla, na eneo lisizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo, kijiji kinatoa mapendekezo tu, na mwenye kauli ni waziri. Yaani mwanakijiji ana sauti kubwa pale panapochukuliwa kidogo, na sauti yake inapungua kadiri kinachochukuliwa kinavyoongezeka!

Kisha kuna neno "isiyotumika". Sheria ya Ardhi ya mwaka huo huo inapotafsiri ardhi ya jumla inaingiza humo hata ardhi ya kijiji isiyokaliwa au isiyotumika. Isiyotumika kwa macho ya nani? Mtu wa mjini akipita na gari haoni shamba lililopumzishwa, anaona pori. Haoni kwamba humo ndimo zinamotoka kuni, miti ya kujengea, uyoga na mboga za msituni. Haoni ndiga, kile kiazi cha porini ambacho wazee wa Pwani walikichimba miaka ya njaa, wakakiloweka kwanza kukitoa sumu. Na baada ya kampuni kuingia, wananchi wa Kisarawe walilalamika hadharani juu ya fidia, juu ya maji waliyokuwa wakichota, na juu ya makaburi ya wazee wao. Kaburi nalo, sijui, lilihesabiwa kuwa ardhi isiyotumika?

Fidia huhesabu mkorosho, mwembe na mnazi. Haina safu ya kuandika uwezo wa mtu kula bila kumwomba mtu. Muhogo ukikomaa hauna haja ya ghala. Unakaa ardhini, unang'oa wa leo, wa kesho unauacha. Majani yake ni kisamvu. Mwenye shamba la muhogo anaweza kugombana na tajiri asubuhi na jioni akala. Kibarua hawezi. Mwaka 2008 bei za nafaka zilipopanda duniani kote, mtu wa mshahara alisubiri huruma ya soko, na mwaka 2011 vibarua wa mibono hata huo mshahara hawakuwa nao.

Ndiyo maana wakulima wa vuguvugu la La Via Campesina, walipokwenda Roma mwaka 1996 kwenye mkutano wa dunia wa chakula, hawakuridhika na maneno "uhakika wa chakula". Mfungwa naye ana uhakika wa chakula. Wao wakadai mamlaka juu ya chakula: wanaolima na wanaokula ndio waamue kilimwe nini, wapi na vipi. Februari 2007 wakakutana tena Mali, wakauita mkutano wao Nyéléni, jina la mwanamke mkulima anayesifiwa katika masimulizi ya nchi ile.

Sisemi kila shamba kubwa ni dhulma. Wapo wakulima wadogo wa miwa Kilombero wanaouza viwandani huku ardhi ikibaki yao, na jembe la mkono halina utukufu wowote kwa anayelishika. Tofauti ni nani anabaki na ardhi mambo yakiharibika.

Waislamu tuna mfano wa zamani. Iraq ilipofunguliwa, wapiganaji waliitaka ardhi ya Sawad igawanywe kwao, na miongoni mwa waliolishikilia hilo ni Bilal, mtu ambaye hakuna wa kumtilia shaka. Sayyidna Umar (r.a.) akakataa. Aliwaacha wakulima kwenye ardhi yao kwa kulipa kharaj, akihoji watabakiwa na nini watakaokuja baadaye. Abu Yusuf ameyaeleza haya katika Kitab al-Kharaj. Khalifa mwenye jeshi zima nyuma yake alijiona hana haki ya kumaliza fungu la wasiozaliwa. Hati iliyotolewa mwaka 2009 inafika mwaka 2108. Mwenyekiti wa kijiji aliitoa wapi haki hiyo?

Na sisi wa mjini tusijitoe. Ni wangapi kati yetu tuna ekari tano Kisarawe au ekari ishirini Mkuranga, tumezizungushia seng'enge, hatulimi, tunangoja bei ipande, na mlinzi tuliyemwajiri ndiye aliyekuwa mwenye shamba? Kwa mtoto wa mlinzi yule, ukubwa wa ua si hoja. Hoja ni kwamba muhogo uko upande wa pili.

Njia ya kuanzia ipo, wala si ngumu kuielewa. Kijiji kibaki na ardhi yake na kumpangisha mwekezaji kwa miaka michache, kodi iingie kijijini kila msimu, na mkataba useme wazi kwamba mradi ukifa ardhi inarudi kijijini, haiuzwi pamoja na matrekta. Na kile kifungu cha hekta 250 kigeuzwe, kijiji kiwe na haki ya kusema hapana hata kwa hekta 8,211. Wabunge wanaotoka Pwani wanajulikana, na namba zao za simu tunazo.