Lumbesa ya Kodi

Ndugu zangu mnaouza na mnaonunua, twendeni kwanza shambani. Gunia la lumbesa mnalijua. Limejaa viazi hadi mdomoni, lakini mnunuzi hatosheki. Anaongeza juu yake kichuguu kingine, anakifunga kwa kamba, kisha analipa gunia moja. Mkulima anatazama jasho lake likipanda juu ya mdomo wa gunia na hana la kusema, kwa sababu lori limeshawashwa na viazi havingoji. Serikali imepiga marufuku lumbesa mara nyingi, na hakuna mwenye haki moyoni asiyejua kwamba ule ni wizi.

Leo nasema juu ya lumbesa ya kodi.

Kuna mama fundi cherehani ninayemfahamu, mtaa wa nyuma kule Kariakoo, Dar es Salaam. Chumba chake ni hatua nne kwa tatu: vyerehani viwili, pasi, kioo kilichopasuka pembeni, na mabinti wawili anaowafundisha kazi na kuwalipa. Pango ni la miezi sita, na hutolewa mbele kabla gauni la kwanza halijakatwa. Juu ya pango kuna kodi ya zuio, asilimia 10. Kisheria hiyo ni kodi ya mwenye nyumba, naye mpangaji kazi yake ni kuizuia na kuipeleka. Lakini mwenye nyumba alishamwambia: hela yangu naitaka kamili, hutaki, wapo wanaotaka. Basi anailipa yeye. Anakata leseni. Analipa taka, analipa mlinzi wa usiku. Kisha inakuja kodi ya mapato, na mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake yamepita shilingi milioni 11 kwa mwaka, hadi kufikia milioni 100, hutozwa asilimia 3.5 ya mauzo.

Lisikilizeni neno hilo: mauzo. Si faida. Zipu, nyuzi, umeme, pango, posho ya mabinti, hakuna hata kimoja kinachotolewa kwanza. Mwaka wa neema na mwaka wa njaa vinapimwa kwa kibaba kilekile.

Sasa mtazameni mkubwa. Kampuni kubwa kodi yake ni asilimia 30, na ukiisikia utaionea huruma. Lakini hiyo ni asilimia 30 ya faida, na faida ina miguu. Kampuni mama iliyoko ng'ambo inaikopesha kampuni tanzu ya hapa kwa riba, inaiuzia mashine, inaiuzia ushauri, inaitoza hata kwa kutumia jina, na bei zote wamepangiana wenyewe kwa wenyewe mezani. Mwaka ukiisha, vitabu vya hapa vinalia hasara, na faida imeibukia kwenye kisiwa ambacho hakina mgodi wala shamba. Si hadithi hii. Mwaka 2016 Baraza la Rufani za Kodi liliona kwamba kampuni iliyomiliki migodi ya Bulyanhulu, Buzwagi na North Mara iliwagawia wenye hisa wake mamilioni ya dola kati ya 2010 na 2013, huku nyumbani hapa migodi ikitangaza hasara. Mwaka uliofuata, sakata la makinikia, yaani mchanga wenye madini, lilipopamba moto, kampuni hiyo ilidaiwa dola bilioni 190, deni lililozidi uchumi wetu wote mara kadhaa. Mimi hesabu ile siitetei. Mambo yaliisha kwa makubaliano ya dola milioni 300, na asilimia 16 ya hisa kwa Serikali. Ilibidi taifa zima ligombe ndipo vitabu vya mmoja vifunguliwe. Vya mama fundi hufunguliwa na ofisa mmoja wa kodi, asubuhi moja, chai yake ikipoa juu ya meza ya kukatia.

Enyi mnaoswali na enyi mnaosali! Qurani ina sura nzima, ya 83, inayoanza kwa kuwatangazia maangamizo wanaopunja vipimo, wale ambao wakipokea hutaka kipimo kijae, na wakipimia wengine hupunguza. Nabii Amosi aliwakemea hao hao, wenye vibaba vidogo na mizani ya hila. Tumezoea kuyasoma maneno hayo tukimfikiria muuza mchele wa gengeni. Kwa nini hatumfikirii anayepimiwa kodi kwa kijiko na kupimiwa misamaha kwa ndoo?

Tunaambiwa dunia ni ya ushindani, usipomlegezea mwekezaji ataenda kwa jirani. Na kweli dunia nzima inakimbia kuteremka mlima. Mwaka 1980 wastani wa kodi ya makampuni duniani ulikuwa kama asilimia 40, leo ni kama 23. Kwetu Tanzania, kiwanda kikiingia kwenye eneo la kuzalisha kwa ajili ya kuuza nje, hupewa miaka 10 bila kodi ya mapato. Kenya nao wanatoa miaka 10. Majirani tunapigana bei mlangoni kwa mgeni, na mgeni anatabasamu. Sitazidharau ajira za viwanda hivyo, kuna nyumba zinakula kwa mshahara wa binti anayeshona jinzi humo. Ninachodai ni hesabu: msamaha huu ulileta kazi ngapi, na mwaka wa 11 kiwanda kilikuwepo au kilikuwa kimefungasha virago?

Maana pengo linalobaki hazina halijazwi na upepo. Linajazwa na fundi, na mama lishe, na kijana wa vocha. Na wakati huohuo fundi amebanwa kotekote. Pamba ya Simiyu na Shinyanga sehemu kubwa inaondoka nchini ikiwa ghafi, inarudi imeshakuwa kitenge. Urafiki, kiwanda kilichofunguliwa Ubungo mwaka 1968, leo tunakitaja kama marehemu wa ukoo. Na upande wa pili kuna robota la mtumba. Nchi za Afrika Mashariki zilipokubaliana mwaka 2016 kuupunguza hadi uishe, Marekani ilitisha kutunyima soko lake. Wengine tukarudi nyuma. Rwanda ikakaza, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye AGOA, nafuu ya ushuru ya Marekani kwa bidhaa za Afrika.

Julai 2025 Serikali yetu iliwakataza wasio raia kufanya biashara za aina 15, zikiwemo saluni na ufundi wa simu. Kilio cha wafanyabiashara wazawa kilichozaa amri ile nakielewa. Lakini ndugu zangu, ukimwondoa mgeni wa duka la jirani, asilimia 3.5 ya mauzo bado ipo pale pale, na yule mkubwa wa kisiwani hata habari hana.

Kwa malalamiko ya kodi, maduka ya Kariakoo yalifunga milango Mei 2023 hadi Waziri Mkuu akaja Mnazi Mmoja kuwasikiliza wafanyabiashara. Yakafunga tena Juni 2024. Mwaka huohuo Rais akaunda tume ya maboresho ya kodi. Kufunga duka kumetufikisha hapo, nako kunauma, kwa sababu siku ya kufunga mabinti hawalipwi. Sasa tuamke kwa njia nyingine. Wewe mfanyabiashara, toa risiti! Ukificha mauzo yako, unamshonea mkubwa joho la kujifichia. Wewe mnunuzi, idai. Wewe mbunge, simama uombe orodha ya misamaha, kampuni kwa kampuni, kiasi kwa kiasi, isomwe kwa sauti Dodoma. Na ninyi wenye makampuni, lipeni kodi pale mnapochimba na pale mnapouza, maana barabara mnayopitisha malori yenu imejengwa kwa zipu za mama fundi.

Bajeti husomwa Juni, na kabla Muswada wa Fedha haujapita, Kamati ya Bajeti ya Bunge hupokea maoni ya wananchi. Msiwaachie wahasibu wa wakubwa ukumbi ule. Andikeni. Andikeni mauzo, pango, zuio, leseni, na kinachobaki mkononi.

Juzi nilimwambia hayo mama fundi. Hakunijibu. Aliinama chini ya meza, akatoa kopo la maziwa ya unga, akamwaga juu ya kitambaa risiti za miaka minne. Mabinti wakasimamisha vyerehani, wakaanza kuzipanga mwezi kwa mwezi.