Visima vya Strasbourg

Mwanzoni mwa 1349 wakubwa wa Alsace walikutana katika mji mdogo wa Benfeld kuamua Wayahudi wafanywe nini. Askofu wa Strasbourg alikuwapo, makabaila walikuwapo, na miji ya jirani ilituma wajumbe. Wajumbe wa Strasbourg wakasema kwamba hawajaona ubaya wowote kwa Wayahudi wa mji wao. Wenzao wakawarukia: kama ni hivyo, mbona mmefunika visima vyenu na kuziondoa ndoo?

Swali lilikuwa zito kwa sababu visima kweli vilikuwa vimefunikwa. Uvumi ulikuwa umeenea kwamba tauni inaletwa na sumu inayotiwa majini, na watiaji ni Wayahudi. Huenda viongozi wa Strasbourg waliona kufunika kisima ni tahadhari isiyo na gharama: kama uvumi ni wa kweli tumejikinga, kama ni wa uongo hatukupoteza kitu. Gharama ilikuwapo. Mtu akishaanza kujikinga na uongo, anaupa uongo huo ushahidi wake wa kwanza.

Tauni yenyewe ilikuwa imeshuka Messina, katika kisiwa cha Sisilia, Oktoba 1347, na kufikia mwisho wa mwaka 1348 ilikuwa imepita Marseille, Avignon na Paris. Mgonjwa alipata homa kali na mitoki kinenani au kwapani, akafa ndani ya siku chache. Guy de Chauliac, tabibu wa Papa mjini Avignon, aliipambanua katika namna mbili: ile ya mitoki, iliyoua kwa takriban siku tano, na ile ya kutema damu, iliyoua kwa siku tatu na kuambukiza upesi zaidi. Yeye mwenyewe aliugua, akapona. Hakuwa mjinga yule. Alitazama kwa makini akaandika alichokiona, na sayansi ya leo inakubali kwamba namna hizo mbili zipo, ya mitoki na ya mapafu.

Lakini alipoulizwa chanzo, Guy alitazama juu, kama walivyofanya wenzake wengi. Oktoba 1348 walimu wa tiba wa Chuo Kikuu cha Paris walimpa Mfalme Philippe wa Sita ripoti aliyoiagiza. Walisema kwamba tarehe 20 Machi 1345, saa moja baada ya adhuhuri, Zohali, Mushtarii na Mirihi zilikutana katika buruji ya Ndoo, zikavuta mvuke mchafu kutoka ardhini na majini na kuiharibu hewa. Hewa hiyo ikivutwa ndani hufika moyoni na kuozesha vilivyomo.

Tiba ikafuata hoja. Mwili, kwa elimu waliyoirithi kwa matabibu wa kale, Galen na Ibn Sina, ulikuwa na vimiminika vinne: damu, balghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Afya ni mizani yao. Basi mgonjwa alitolewa damu ili kilichozidi kipungue. Aliye mzima alikatazwa kuoga maji ya moto, maana yanafungua vinyweleo na hewa mbovu ikaingia. Matajiri walinunua tiriaki, dawa ya vitu vingi ikiwamo nyama ya nyoka, na Papa Clement wa Sita alikaa chumbani katikati ya mioto miwili ili hewa isafishike. Tusicheke sana. Elimu hiyo ya vimiminika vinne ilivuka bahari na Waarabu hadi pwani yetu, na wapo wazee wanaoumika mpaka leo wakizungumza kwa istilahi zake. Ilikuwa elimu yenye vitabu, mitihani na mantiki, ila haikumgusa kiroboto wala panya, na hao ndio waliokuwa na ugonjwa. Kimelea chenyewe kilitambuliwa na Alexandre Yersin kule Hong Kong mwaka 1894.

Ninachotaka kukionyesha ni jinsi elimu hiyo ilivyoacha mlango wazi. Madaktari walisema hewa imegeuka sumu. Mtu wa sokoni hakuelewa habari za Zohali, lakini neno sumu alilielewa, na kwa akili yake sumu ina mtiaji. Daktari angewezaje kumkanusha, naye hana dawa inayofanya kazi?

Mtiaji akatafutwa, akapatikana. Septemba 1348, katika ngome ya Chillon kando ya ziwa la Geneva, mpasuaji Myahudi aitwaye Balavigny aliteswa mpaka akakiri kwamba alipokea sumu na kuitia kisimani. Wengine wakateswa baada yake, nao wakakiri. Mkuu wa ngome akanakili maungamo hayo na kuyapeleka Strasbourg. Karatasi rasmi ilikuwa na nguvu kuliko uvumi wa mtaani, ijapokuwa ilitoka katika uvumi uleule kwa njia ya vyombo vya mateso.

Si kwamba hakuna aliyekataa. Papa Clement alitoa waraka kusema jambo ambalo mtoto angeliona: Wayahudi nao wanakufa kwa tauni, na tauni inaua hata mahali wasipoishi Wayahudi. Mwanachuoni Konrad wa Megenberg alitaja Vienna, ambako Wayahudi walikufa wengi hata makaburi yao yakabidi yapanuliwe. Na kule Granada, tabibu Ibn al-Khatib alishika njia nyingine kabisa. Aliandika kwamba ugonjwa unaambukiza, unapita kwa nguo, kwa vyombo, hata kwa hereni. Hakuhitaji adui. Alihesabu tu nani alimgusa nani.

Anayedhani kwamba mambo haya yamezikwa na zama zile aulize yaliyotokea kaskazini mwa Msumbiji mwaka 2009. Watu waliotia klorini majini kuzuia kipindupindu walishukiwa kwamba ndio wanaokieneza, na baadhi yao wakauawa.

Turudi kwenye zama zile: waraka wa Papa haukusaidia. Januari 1349 Wayahudi wa Basel waliteketezwa ndani ya nyumba iliyojengwa makusudi kisiwani katika mto Rhine. Strasbourg ilikuwa na kiongozi aliyegoma, Peter Schwarber. Yeye na wenzake walitaka ushahidi, wakashikilia kwamba mji ulikwisha kuwaahidi Wayahudi ulinzi na kwamba ahadi ni ahadi. Watu wakasema amehongwa. Mapema Februari vyama vya mafundi vilikusanyika na silaha mbele ya kanisa kuu, vikauangusha uongozi wake, mali yake ikataifishwa naye akafukuzwa mjini.

Jumamosi tarehe 14 Februari Wayahudi walipelekwa kwenye makaburi yao wenyewe. Jukwaa la mbao lilikuwa tayari. Waliokubali kubatizwa walisalimika, na watoto wadogo walinyakuliwa kwa wazazi wao ili wabatizwe. Waliobaki, mamia kwa mamia, walichomwa moto. Idadi inayotajwa katika kumbukumbu za mji ni elfu mbili.

Siku ile tauni ilikuwa bado haijafika Strasbourg. Iliingia kiangazi, miezi kadhaa baadaye. Mji uliwaua watu kwa kosa la kuleta ugonjwa ambao ndani ya kuta zake haukuwapo, na ugonjwa ulipokuja haukukuta Myahudi wa kulaumiwa. Uliwachukua maelfu.

Kilichokuwapo siku ile ni madeni. Wayahudi walikatazwa kazi nyingi, wakaachiwa ile ya kukopesha, kwa hiyo mafundi na makabaila waliokuwa wakipiga kelele za visima ndio waliokuwa wakidaiwa. Baada ya moto, hati za madeni zilifutwa, rehani zikarudi kwa wenyewe, na fedha taslimu zikagawanywa kwa mafundi. Fritsche Closener, padri wa mji uleule aliyeandika historia yake zaidi ya miaka kumi baadaye, hakuzunguka: alisema fedha ndiyo sumu iliyowaua Wayahudi.

Mfalme Karl wa Nne wa Ujerumani aliusamehe mji kabla mwaka haujaisha. Baraza jipya lilikuwa limeapa kwamba hakuna Myahudi atakayekaa Strasbourg kwa miaka 100. Mwishoni mwa miaka ya 1360 waliruhusiwa kurudi na kukopesha tena, na kabla karne haijaisha wakafukuzwa.