Sanadi ya Chuma

Diski ile ilikuwa safi kuliko kijiko cha chai. Niliigeuza mbele ya taa, nikaipaka dawa ya kufichua nyufa, nikaipima, sikuona dosari. Ilitoka kwenye injini ya JT15D, injini ya ndege za Citation za kwanza, na kazi yake ni kubeba mapanga yanayozungushwa na moto. Karatasi zake ndizo zilizokuwa na pengo. Tangu kiwandani hadi kwa mmiliki wa pili kila kitu kiliandikwa, kisha miaka minne ya kimya, kisha ikaibuka nchi nyingine na hesabu mpya. Diski ya namna hiyo imewekewa umri, na umri wake huhesabiwa kwa mizunguko ya kuwashwa na kuzimwa. Asiyejua imeishi kiasi gani hajui imebakiza kiasi gani. Nikaikata vipande viwili kwa msumeno ili isirudi sokoni. Kijana niliyekuwa nikimfundisha kazi akaniuliza, "Mzee, mbona unaua kitu kizima?"

Siku ile sikumjibu vizuri. Sasa nimestaafu kazi ya ufundi ndege pale uwanja wa Wilson, Nairobi, nimerudi kwetu Mombasa, na swali lake limenifuata hadi barazani.

Jibu liko katika ukoo, nami nianze na ule wa ndege zenyewe: Citation ya kwanza iliruka Wichita, Kansas, tarehe 15 Septemba 1969. Waundaji wake, Cessna, waliitangaza kwa jina la Fanjet 500, halafu wakaipa jina la farasi aliyetwaa mataji matatu makubwa ya mbio za Marekani mwaka 1948. Farasi yule alikuwa na mbio. Ndege hii ilikuwa ya taratibu, yenye mabawa yaliyonyooka na injini mbili ndogo, na wenye haraka waliicheka. Lakini ilitua na kuruka kwenye viwanja vifupi. Sisi wa Wilson, tuliokuwa zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa nyepesi hudai barabara ndefu ya kurukia, hatukuicheka. Nimewaona wagonjwa wakishushwa kutoka humo wakiwa hai.

Kisha uzao ukaja. Citation II ya 1977 ilirefushwa kiwiliwili, Citation V ikarefushwa zaidi, na Bravo ikachukua mwili wa II ikatiwa injini mpya. Hapo undugu unauona kwa macho. Lakini tazama Citation III ya 1979: mabawa yaliyolala nyuma, mkia wa umbo la T, injini za kampuni nyingine. Ukiisimamisha karibu na ile ya 1969 utadhani ni wageni waliokutana uwanjani. CitationJet ya 1991 ilirithi sehemu ya mwili wa wazee, ikavaa mabawa mapya, mkia mpya na injini za Williams. Excel ya 1996 ina mwili wa Citation X uliofupishwa na mabawa yenye asili ya Citation V. CJ4 ya 2008 imechukua mabawa yake kutoka kwa Citation Sovereign. Na sheria ina nasaba yake: rubani mwenye idhini ya CE-525 anaruhusiwa kurusha kuanzia CitationJet ile ya kwanza hadi CJ4 yenye mabawa ya kuazima, ilhali Excel, iliyorithi mabawa ya V, inadai idhini yake peke yake. Kwa hiyo jina halitoshi kuthibitisha ukoo, na chuma pia hakitoshi. Kinachoamua ni cheti, na nyuma ya cheti kuna watu waliopima badiliko moja baada ya jingine wakaliwekea sahihi.

Ndege moja moja nazo ni vivyo hivyo. Nimeihudumia Citation II ambayo injini zake zote mbili, vioo, miguu ya kutulia na redio si vile ilivyotoka navyo kiwandani. Hakuna aliyesema ni ndege nyingine. Kila kilichotoka na kila kilichoingia kilikuwa na tarehe, namba na jina la fundi kwenye kitabu chake.

Maalim wetu wa madrasa, hapa Mji wa Kale, alitufundisha kwamba hadithi ya Mtume ina matini na ina sanadi: maneno yenyewe, na mnyororo wa waliopokezana. Maneno yanaweza kuwa mazuri, yenye hekima, yasiyopingana na chochote. Lakini ikithibiti kwamba msimulizi mmoja hakukutana na yule anayedai kumsikia, Imam Bukhari hakuyategemea katika mkusanyo wake wa Sahihi. Utotoni niliona ni ukatili kuacha neno zuri kwa sababu ya mtu mmoja katikati. Diski ile ndiyo iliyonielewesha. Yawezekana ilikuwa bado changa. Mwenyezi Mungu anaijua hesabu yake hadi mzunguko wa mwisho. Mimi siijui, na ni mimi niliyetakiwa kumweka mgonjwa juu yake na kusema iko salama. Ukweli unaweza kuwepo, nami nisiwe na haki ya kuushuhudia.

Hata kuhusu miili yetu, vijana huuliza siku ya kufufuliwa tutarudishwa na mwili upi, wa miaka ishirini au wa sabini. Sura ya al-Qiyama inataja hata ncha za vidole, kwa hiyo siudharau mwili. Lakini mwili wangu umekuwa ukibadilika tangu nizaliwe. Kinachoniunganisha na yule mtoto wa madrasa, naamini, ni kitabu kinachoandikwa na Malaika wawili, kisicho na miaka minne ya kimya.

Hilo linanipa raha, na linanitisha. Mwaka mmoja, chini ya bosi mwenye haraka, niliitilia sahihi kazi ya zamu ya usiku ambayo sikuikagua. Ndege iliruka ikarudi salama. Ilipotua nilifungua kifuniko nikakuta kazi imefanywa sawasawa. Lakini sahihi yangu ilikuwa imetangulia macho yangu, na kwenye ukurasa ule inafanana kabisa na zile nyingine zote. Fundi atakayekuja baada yangu ataiamini.

Kijana wangu uliyeniuliza juu ya diski, sasa kalamu ya hanga iko mkononi mwako. Watakuharakisha kama walivyoniharakisha, na watakwambia kazi imefanywa vizuri, na pengine watakuwa wanasema kweli. Usichokiona usikitilie sahihi. Acha ukurasa mtupu, na ndege ilale hadi ukague mwenyewe.